Kemia ya Nesi Huanzia Kwenye Dripu

Kabla hujanunua daftari, jua mtihani wenyewe ni upi. Utamsikia mtu wa Yeoville au Rosettenville, hapa Johannesburg, akisema anajiandaa kwa "mtihani wa kuingia unesi", na ukimdadisi hajui unafanyika wapi wala nani anautunga. Afrika Kusini haina mtihani mmoja wa taifa wa kuingilia uuguzi. Mlango ni matriki, yaani cheti cha kumaliza darasa la 12, pamoja na alama zako. Baadhi ya vyuo vikuu humtaka mwombaji wa fani za afya afanye pia mtihani wa NBT, lakini huo hauna kemia hata chembe. Una Kiingereza cha kitaaluma, hesabu za asilimia, uwiano na kusoma grafu, na karatasi ya pekee ya hisabati. Ukikesha na asidi na besi kwa ajili ya NBT, umekesha bure.

Kemia inakaa ndani ya matriki. Huku fizikia na kemia ni somo moja lenye karatasi mbili: ya kwanza fizikia, ya pili kemia, kila moja alama 150 kwa saa 3. Kwa hiyo mtu akisema ananoa kemia Johannesburg, anazungumzia karatasi ya pili. Aliyefikisha miaka 21 bila matriki anaweza kufanya mtihani wa watu wazima, uitwao Amended Senior Certificate, ambao huandikwa Mei na Juni. Aliyefanya matriki zamani akaambulia alama za kubahatisha anaweza kurudia kupitia mpango wa Second Chance Matric, ulioanza mwaka 2016. Mwenye cheti cha NECTA, KCSE au mtihani wa taifa wa Kongo apeleke vyeti vyake SAQA, mamlaka ya taifa ya sifa za elimu, vikatathminiwe, na afanye hivyo mapema, kwa sababu ofisi haina haraka yako.

Jambo jingine: si kila kozi inadai kemia. Uuguzi hapa una cheti cha juu cha mwaka 1, stashahada ya miaka 3 na shahada ya miaka 4, na vyuo vingine huridhika na biolojia. Soma tangazo la chuo chenyewe, hasa mstari wa masomo yanayotakiwa na ule wa uraia, maana huo wa pili ndio unaowaangusha wageni wengi baada ya kazi yote. Na kabla ya kulipa hata randi moja, hakikisha chuo kimo katika orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na Baraza la Uuguzi, SANC. Wapo wanaopanga chumba mjini, wakatundika bango la msalaba mwekundu na kukusanya ada. Ada hiyo hairudi.

Sasa kemia yenyewe. Wanafunzi wengi wanaorudi darasani baada ya miaka kadhaa hufungua kitabu ukurasa wa kwanza, wakakutana na historia ya muundo wa atomu, na kufikia ukurasa wa arobaini wamechoka. Mimi ningeanza kwingine. Karibu kila kitu ambacho nesi anagusa ni maji yenye kitu ndani yake: dripu, damu, mkojo, dawa ya sindano, maji ya kusafishia sakafu. Kwa hiyo anza na mimumunyo, kisha rudi nyuma kwenye atomu pale tu hesabu inapokudai.

Chukua mfuko wa dripu ya maji ya chumvi, ule wa 0.9%. Mingi ya mifuko hiyo imetoka kiwanda cha Adcock Ingram kule Aeroton, kusini mwa jiji. Asilimia 0.9 maana yake ni gramu 0.9 za chumvi katika kila mililita 100, yaani gramu 9 kwa lita. Hapo ndipo moli inapoingia. Tazama jedwali la elementi: sodiamu ni 23, klorini ni 35.5, jumla 58.5. Moli moja ya chumvi ina uzito wa gramu 58.5. Gawa 9 kwa 58.5, unapata 0.154. Zidisha kwa 1000 upate milimoli: 154. Sasa geuza mfuko usome maandishi madogo. Utakuta sodiamu 154, kloridi 154. Hukukariri, umeikokotoa mwenyewe, na kiwanda kinakuunga mkono.

Usikimbilie hesabu nyingine. Kaa hapo hapo ujiulize kwa nini namba ni mbili na zinalingana. Ni kwa sababu chumvi ikiingia majini huvunjika: kila NaCl moja hutoa ioni moja ya Na⁺ na ioni moja ya Cl⁻. Ingekuwa kloridi ya kalsiamu, CaCl₂, kloridi ingekuwa mara mbili ya kalsiamu. Halafu linganisha na damu. Sodiamu ya mtu mzima mwenye afya huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Dripu na damu zimekaribiana, ndiyo maana maji hayo hayazipasui seli nyekundu, ilhali maji matupu yangeziingia zikavimba na kupasuka. Ukielewa mfuko huo mmoja umeshagusa uzito wa moli, ukolezi, ioni na osmosisi.

Fanya vivyo hivyo na sukari. Glukosi ni C₆H₁₂O₆. Kaboni 6 mara 12, haidrojeni 12, oksijeni 6 mara 16: jumla 180. Milimoli moja kwa lita ni miligramu 180 kwa lita, au miligramu 18 kwa desilita. Kumbe ndiyo asili ya ile 18 ambayo watu hugawia wanapobadili kipimo cha sukari kutoka miligramu kwenda milimoli! Manesi wengi huitumia miaka mingi bila kuuliza ilikotoka.

Hapa nikutahadharishe juu ya jambo linaloonekana dogo. Karatasi za mitihani za Afrika Kusini huandika desimali kwa mkato, si kwa nukta: 0,154. Aliyesoma Kongo ameshazoea. Aliyesoma Tanzania au Kenya husita, na akiwa na haraka huona namba mbili badala ya moja. Pia hutaliona neno lita mara nyingi. Utaona dm³, na mililita itaitwa cm³. Ni vipimo vile vile. Desimeta moja ya ujazo ni lita moja. Anza kuandika hivyo kwenye daftari lako tangu leo ili siku ya mtihani mkono usishangae. Ila ukifika wodini, nukta inarudi na lita inarudi, na kusoma vibaya desimali huko ni kumpa mgonjwa dozi mara kumi.

Alama za elementi nazo zina mitego yake, michache lakini mikali. Na ni sodiamu, N ni naitrojeni, ambayo mwenzetu wa Kongo aliifahamu kama azoti. K ni potasiamu, Ca ni kalsiamu. Mtu anayechanganya K na Ca katika karatasi ya kemia hupoteza alama 2. Wodini potasiamu inaweza kusimamisha moyo: damu huhitaji milimoli 3.5 hadi 5 tu kwa lita, na ampuli ya kloridi ya potasiamu haichomwi kwenye mshipa bila kuzimuliwa, kamwe. Usikariri uzito wa elementi, kwa sababu jedwali utapewa ndani ya chumba cha mtihani. Kariri chaji za ioni, maana hizo hupewi kwa urahisi huo: Na⁺, K⁺, NH₄⁺, Ca²⁺, Mg²⁺, Cl⁻, OH⁻, NO₃⁻, HCO₃⁻, SO₄²⁻, PO₄³⁻. Ziandike kwenye kadi, usome ukiwa kwenye teksi ya kwenda kazini. Foleni ya Johannesburg ina muda wa kutosha.

Asidi na besi ndizo ningezipa muda mrefu kuliko mada nyingine yoyote, kwa kuwa hapo mtihani na wodi vinakutana kabisa. pH ya damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Upana huo unaonekana mwembamba, na kweli ni mwembamba, lakini kumbuka kila hatua moja ya pH ni mara kumi: mmumunyo wa pH 6 una ioni za haidrojeni mara kumi ya ule wa pH 7. Mwili huilinda pH hiyo kwa mmenyuko unaokwenda mbele na kurudi nyuma:

CO₂ + H₂O ⇌ H₂CO₃ ⇌ H⁺ + HCO₃⁻

Uandike mlinganyo huu juu ya karatasi, uubandike ukutani. Sasa fikiria mgonjwa wa kisukari ambaye insulini imemwishia, damu imejaa asidi za ketoni. H⁺ zimezidi upande wa kulia. Kanuni ya Le Chatelier, ambayo matriki huuliza kila mwaka, inasema mfumo ulio katika msawazo ukisumbuliwa husogea upande utakaopunguza usumbufu huo. Basi mmenyuko unarudi kushoto, H⁺ zinatumika, CO₂ inaongezeka, na mgonjwa anavuta pumzi ndefu, nzito, za mfululizo ili kuitoa. Anayemtazama hudhani ana pumu. Mapafu yake yanafanya kemia. Mtihani hautakuuliza habari za kisukari. Utakuletea amonia ya mchakato wa Haber, au gesi ya N₂O₄ inayogeuka NO₂ ya rangi ya kahawia. Hoja ni ile ile: nini kimeongezwa, nini kimeondolewa, mfumo unasogea wapi.

Na ukitaka mfano wa asidi kukutana na besi ulio nje ya kitabu, Johannesburg imeukalia. Migodi ya dhahabu iliyochimbwa tangu 1886 imeacha chini ya ardhi mawe yenye pairaiti, kampaundi ya chuma na salfa. Maji na oksijeni vikiyafikia, hutokea asidi ya salfuriki. Mwaka 2002 maji hayo yalianza kufurika juu ya ardhi kule Randfontein, magharibi mwa jiji, mekundu kwa chuma kilichoyeyuka. Dawa yake ya kwanza ni chokaa, yaani besi, inayopandisha pH hadi metali zitulie chini kama tope. Ule utitishaji unaofanyika maabara kwa bureti na matone ya kiashiria ni kazi hiyo hiyo kwa kipimo cha kikombe. Mimi huona mwanafunzi anayejua habari za Randfontein hasahau tena kwamba asidi na besi hutoa chumvi na maji.

Hesabu nyingine ya mimumunyo ni kuzimua kwa maji, na mfano wake ni Jik. Chupa ya kawaida ya hapa ina hipokloriti ya sodiamu 3.5%. Tuseme unatakiwa kuipata ya 0.5% kwa kufutia damu iliyomwagika. Kanuni ni c₁V₁ = c₂V₂: 3.5 × V₁ = 0.5 × V₂, kwa hiyo V₂ ni mara saba ya V₁. Wengi huishia hapo wakamimina vikombe saba vya maji. Hapana. Saba ni ujazo wa mwisho, Jik yenyewe ikiwemo. Maji ni vikombe sita. Kosa hilo hilo hutokea kwenye karatasi ya mtihani kila swali linaposema "maji yaliyoongezwa", na neno hilo limewekwa pale kwa makusudi. Soma lebo ya chupa uliyo nayo, kwani nguvu hutofautiana nchi na nchi, na usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa gesi ya klorini itakayotoka itakufunga kifua.

Kuna mada ambayo aliyetoka pwani anaijua kwa tumbo. Maharage ya Johannesburg hayaivi upesi kama ya Tanga. Jiji liko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Kimiminika huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na ule wa hewa ya nje, na fasili hiyo unatakiwa kuiandika kwenye karatasi ya pili. Otoklevu ya hospitali hufanya kinyume: huongeza mgandamizo ili maji yafike nyuzi 121 bila kuchemka ovyo, na vijidudu visipone.

Kemia ya kaboni, hapo sina ushairi. Ina takriban theluthi ya alama na njia yake ni kuandika na kufuta. Jifunze makundi tendaji: alkoholi yenye –OH, asidi za kaboksili kama ya siki, esta zenye harufu ya matunda. Jifunze kuzipa majina, kisha ueleze kwa nini moja huchemka kwa joto kubwa kuliko nyingine: urefu wa mnyororo, matawi, na nguvu za kuvutana kati ya molekuli. Majibu haya yana mpangilio unaorudiwa mwaka hadi mwaka. Ukijibu maswali kumi ya aina hiyo umeujua. Elektrokemia nayo ipo. Kumbuka kuoksidika ni kupoteza elektroni, jifunze kusoma lile jedwali la potenshali unalopewa, songa mbele.

Karatasi za miaka iliyopita zinapatikana bure kwenye tovuti ya Idara ya Elimu ya Msingi, pamoja na majibu ya wasahihishaji. Hizo ndizo mwalimu wako mkuu. Lakini usizitumie kama gazeti, ukisoma swali halafu jibu huku ukitikisa kichwa kwamba "hili nalijua". Weka saa, zima simu, andika kwa saa 3 kamili, ndipo usahihishe kwa kalamu nyekundu kama vile karatasi ni ya mtu usiyempenda. Tazama alama zinavyogawanywa: kuna alama ya kuandika kanuni, ya kuingiza namba, na ya jibu. Anayerukia jibu kwa kikokotoo na kulikosa hupata sufuri. Aliyeandika kanuni kwanza hubaki na chochote. Jibu la mwisho liwe na angalau tarakimu mbili baada ya mkato, na kipimo kiandikwe.

Fasili ni alama za bure ambazo watu wazima huziacha mezani, kwa sababu wanaamini kuelewa kunatosha. Hapa hakutoshi. Idara hutoa mwongozo wa mtihani wenye fasili za kila mada, na msahihishaji hutafuta maneno yale yale ya msingi. Likikosekana moja, alama zinakwenda. Hizo kariri neno kwa neno, kwa Kiingereza, kama unavyokariri sala. Mengine yote yaelewe kwa Kiswahili kwanza. Mweleze dada unayepanga naye kwa nini dripu haipasui seli. Ukikwama katikati ya sentensi, umejua pa kurudi kusoma.

Vitabu visikusumbue. Siyavula wana vitabu vya fizikia na kemia vya darasa la 10 hadi 12 vinavyopakuliwa bila malipo, na ni vizuri kuliko vingi vinavyouzwa. Chapisha sura unazohitaji tu, kwani umeme ukikatika simu nayo huzima. Kama nyumbani ni chumba kimoja na watu watano, maktaba ya Yeoville iko Raleigh Street. Na kama hujawahi kuona jaribio la kemia kwa macho, nenda siku moja Sci-Bono pale Newtown. Nusu siku ya kuona vitu vikibadilika rangi huokoa kurasa nyingi.

Mwisho, zoezi la kujipima. Fomula ya ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya mgonjwa wa kuhara, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ina, kwa lita moja: chumvi ya kawaida gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5, sitreti ya sodiamu gramu 2.9 na glukosi gramu 13.5. Uzito wa moli ni 58.5, 74.5, 294 na 180. Tafuta milimoli za kila ioni na za glukosi, ukikumbuka kwamba sitreti moja huja na sodiamu tatu. Utaona sodiamu na glukosi zinakaribiana sana, kila moja kama 75, na hilo si bahati: ukuta wa utumbo huzipitisha pamoja, na maji hufuata. Potasiamu itakuwa 20, kloridi 65, sitreti 10. Zijumlishe zote. Ukipata karibu 245, ndiyo namba waliyoikusudia. Ukipata 225, umeisahau sodiamu ya sitreti kwa sehemu. Rudi uhesabu tatu badala ya moja.